Kila Mtu na Spana Yake

Watu wa Tunduma wakiniuliza timu yetu ya mbio za magari iliishia wapi, huwa nawajibu iliishia Igamba, uani kwa baba mdogo, juu ya matofali. Wanacheka. Mimi sicheki.

Tulianza bila mdhamini wala tajiri. Baba mdogo alitoa bodi, gari dogo kuukuu lililokuwa limelala kwenye banda lake la kahawa. Kaka yangu, dereva, alitoa injini aliyoihangaikia mwaka mzima. Fundi wetu wa Chapwa alitoa giaboksi. Mzee mmoja wa Tunduma, mtu wa Pwani aliyehamia huku na malori yake, alitoa matairi, na kila tulipokwenda kumwamkia alituombea dua kwanza, ndipo atugombeze kwa jinsi tunavyoyamaliza. Sheria ya timu ilikuwa moja tu, na aliiweka baba mdogo siku ya kwanza: chako ni chako, hata kikiwa kimefungwa kwenye gari. Ukiondoka, njoo na spana uchukue. Tuliipigia makofi. Tulijiona watu wa haki kweli.

Mimi je, nilitoa nini? Mimi nilikuwa msoma ramani. Nilikaa kushoto kwa kaka nikimwambia barabara kabla hajaiona: kulia kali, usikate, shimo ndani, haya nyoosha. Barabara za huku Mbozi nilizitembea kwa miguu, kutoka Ruanda, hii Ruanda yetu ya Mbozi, hadi Igamba, vumbi mpaka kwenye kope, wakulima wakiniuliza nimepoteza ng'ombe gani. Ipo kona moja chini ya kanisa, ukipita kitalu cha miche ya kahawa. Barabara inapanda kidogo halafu inaangukia kulia, na ukisubiri mpaka uione, umeshaingia korongoni. Inabidi ukate usukani wakati mbele yako kuna mbingu tu. Pale nilikuwa namwambia kaka neno moja, "Sasa!", naye anakata. Hakuwahi kuniuliza najuaje.

Tukaanza kushinda. Si kila mara, lakini tulishinda, tena na mlango wa bluu na boneti nyeupe, wenye magari yao ya kumeremeta wakituuliza kama tumepotea njia ya gereji. Nami nilikuwa na ombi moja kwa kaka. Mashindano yakija huku kwetu, niendeshe mimi, walau mara moja tu, yeye akae kushoto. Alikubali mbele ya baba mdogo. "Mbio za nyumbani ni zako, mdogo wangu." Nililishika neno lile, mjinga mimi.

Mwaka ambao mbio zilipangwa kupita kwetu, timu moja kubwa ya Dar ikamtaka. Hakuniambia. Nilitoka shambani mchana nikamkuta uani ameinama kwenye gari, anafungua injini.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nachukua changu. Sheria si mnaijua?"

"Hao unaokwenda kwao wana magari yao. Injini hii ya nini?"

"Nimepata mteja Nakonde, ng'ambo ya mpaka."

Nilimwomba. Nasema wazi, nilimwomba mpaka nikamshika mkono wenye grisi. "Niachie mpaka mbio za nyumbani zipite. Uliniahidi, kaka." Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumtuliza mtoto. "Wewe uendeshe? Acha utani, dada. Wewe kazi yako ni mdomo."

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Sheria ilikuwa yake, angesema nini?

Gari lisilo na injini ni bati tu. Wiki hiyo hiyo fundi alikuja kufungua giaboksi, haniangalii usoni, eti samahani dada, nina watoto. Mzee wa matairi alimtuma utingo wake, na pole nyingi juu. Hata jeki iliondoka. Kila mtu alitoka uani na chake mkononi, mimi nikaachwa kwenye mataa na mikono mitupu. Nilikuwa na hasira hata ugali haushuki. Nilijifariji kwa jambo moja, kwamba changu hakifunguki kwa spana, na yeyote atakayekaa kwenye kiti changu hatakuwa nacho.

Juma la mbio kaka akapiga simu. Nilikuwa kwenye vichanja nageuza kahawa. Hata habari za nyumbani hakuuliza.

"Dada, ile kona ya chini ya kanisa. Huyu msoma ramani wangu ananichelewesha, jana kidogo tungeingia korongoni. Wewe ulikuwa unasema 'sasa' tukifika wapi?"

Thubutu! Nilitaka kumwambia hivyo tu, nikate simu. Nilirudi kugeuza kahawa mpaka akauliza kama nipo. Nilimwona kule chini ya korongo, magurudumu juu, na mama akililia mwili. Shenzi kabisa, alijua sitaweza.

"Nguzo ya mwisho ya uzio wa kitalu," nikamwambia. "Ikifika usawa wa bega lako."

"Poa," akasema, akakata.

Siku ya mbio nilisimama pale kwenye uzio pamoja na kijiji kizima. Nilisikia gari linapanda, na mdomo wangu, bila mimi kuutuma, ukasema "Sasa". Akakata palepale kwenye nguzo. Mama mmoja jirani akanikumbatia, anapiga vigelegele: "Kaka yako anaijua barabara hii jamani!"

Alishinda. Jioni alishukuru wadhamini, mafundi na msoma ramani wake.

Wenzangu walikuja na spana, wakatoa jasho, wakajichubua vidole. Changu kaka alikifungua kwa simu, na tochi nilimshikia mimi mwenyewe.