Nimenunua Idi ya hoteli Makangale

Nani hapa Wesha mwenye wiki yake hotelini? Miye peke yangu!

Mwaka jana nililipia hoteli ya Makangale: wiki moja kila mwaka, tarehe zile zile, pamoja na chakula. Nilichagua wiki ya Idi, nipumzike na gharama za sikukuu.

Leo asubuhi nimefika na ukoo mzima. Mezani chai, mikate, mayai.

Hakuna aliyegusa.

Idi ilishapita siku kumi na moja nyuma, na wote wamefunga sita, zile za baada ya Ramadhani!

Mke wangu, Bi Riziki, kaniuliza mbele ya wahudumu: "Mzee, hukujua Idi husogea kila mwaka?"

Nilijua! Hoteli ndiyo haikujua.

Nikamwambia Idi itazunguka, baada ya miaka kama thelathini na mitatu itarudi kwenye wiki yetu.

Akacheka. "Ikirudi, wewe utakuwapo?"

Nitakuwapo, nimeshalipia! Nyie mnabisha?