Liwa ya Bi Mize

Leo hapa Kengeja shangazi yangu kapimwa kwa taa, kaonekana mweupe kuliko mzungu.

Mzungu mwenyewe kaja na kisanduku cha kupimia rangi ya ngozi. Unawekewa mkononi, taa inamulika, na mshale unaonyesha ngozi imerudisha mwanga kiasi gani. Ngozi nyeupe hurudisha mwingi, nyeusi huubania.

Ya nini yote hayo na macho tunayo, msiniulize. Mie mkalimani tu.

Kiti kilikuwa kimoja, kakalia yeye. Sisi wima, juani.

Akajipima kwanza ili watu wasiogope. Maskini, jua la Pemba lilishambabua, kawa kama pweza wa kuchemsha. Mshale ukapanda kidogo, ukachoka.

Akafuata shangazi, Bi Mize. Aliposikia watu watamulikwa alidhani ni kupigwa picha, kwa hiyo kajipaka liwa, rojo la msandali la urembo, toka usoni hadi vidoleni. Na liwa yake si mchezo, ukuta wa chokaa una nafuu.

Mshale ukampita mzungu, ukaenda kugota mwisho.

Akapima tena. Vile vile. Akamtazama Bi Mize, akautazama mshale, akauamini mshale.

"Chasemaje?" Bi Mize akaniuliza.

"Chasema weye mweupe kuliko yeye, shangazi."

Akatafakari, akajitengeneza kanga.

"Basi mwambie anipishe kiti changu."

Nyie mngelitafsiri? Mie nimetafsiri neno kwa neno.

Watu wote waliobaki, mzungu kawapima akiwa wima.