Kitabu Alichokifumua Xavérine

Xavérine alirudi Kigali mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na nne, akiwa na cherehani, binti yake Christella, na imani kwamba hakuna jambo lisilofanywa vizuri zaidi Bujumbura. Nasema alirudi kwa sababu ndivyo tulivyosema sote tuliotoka Burundi, ingawa wengi wetu tulizaliwa ukimbizini na Kigali tuliijua kwa kusimuliwa tu. Kwake yeye, mkate wa Bujumbura ulikuwa laini zaidi, samaki walikuwa watamu zaidi, hata misa ya huko haikuchosha. Nilimpenda sana, lakini kuna siku nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe.

Kazi, hata hivyo, aliijua. Kule alikuwa ameongoza kwa miaka mingi watu wanaojitolea kufundisha watoto dini, na Padri Gratien, mgeni kama sisi, aliposikia hivyo hakumwachia. Nyumba ya parokia ilikuwa imeporwa na vitabu vyake vimewashiwa moto wa jikoni. Watu wa kufundisha walikuwapo, ila kila mmoja alifundisha alichokikumbuka. Padri akamwomba Xavérine achague kitabu kimoja cha kufuatwa na wote, kabla ya ile Jumapili ya kuwapokea kanisani watoto wanaoanza kujiandaa kwa ubatizo.

Kilichomkosesha padri usingizi ni mabenchi. Sisi wa Burundi tulikaa upande mmoja. Wale waliokuwa hapa wakati wa mauaji na wakapona, upande wa pili. Hakuna aliyeamuru hivyo. Tulisalimiana kwa heshima, kisha kila mtu akaenda kwao. Padri alituambia wazi kwamba kama kitabu kitawaudhi wale wa upande wa pili nao wakaondoka, nusu ya watoto watabaki bila mwalimu, na sisi wengine tutabaki wageni milele.

Tulianza na ofisi moja ya misaada kule Kiyovu, tukapewa picha za kubandika ukutani. Zilikuwa na rangi za kupendeza, ila kanisa lake lilifunikwa na theluji na watoto wake walivaa soksi za sufu mpaka magotini. Xavérine alisema tungemaliza mwezi mzima tukieleza theluji kabla hatujamfikia Yesu. Halafu kulikuwa na katekisimu ya zamani ya maswali na majibu, nakala chache zilizookotwa huku na huku. Hiyo ndiyo waliyoitaka watu wa benchi la pili, na msemaji wao alikuwa Claudette, muuza maharage wa sokoni, mwembamba na mwenye maneno machache. Xavérine aliikataa palepale. Kukariri kama kasuku, alisema, kulimchosha tangu utotoni. Akatoa kitabu chake cha Bujumbura, cha Kirundi ambacho Mnyarwanda hukielewa bila shida, alichokivisha jalada la kitenge. Alikisifu mpaka sote tukachoka kusikiliza. Claudette hakubishana, nasi tukadhani amekubali.

Sisi tuna desturi: kabla ya kuwafikia watoto, somo hujaribiwa na wafundishaji wenyewe. Mmoja anakuwa mwalimu, wengine wanakuwa watoto, wanajibu na kuchora kama watoto. Jumamosi hiyo Xavérine alitugawia vibao na chaki, akafungua somo la kwanza, "Nyumbani Kwetu." Kila mtoto achore nyumba yao, achore watu waliomo, awataje majina mmoja mmoja na kumshukuru Mungu kwa kila jina.

Benchi letu lilichora na kucheka. Mtu alichora mkwe wake mnene kuliko mlango. Upande wa pili hakuna chaki iliyosogea. Claudette peke yake alichora nyumba, akaacha hapo. Xavérine alidhani hajaelewa, akaeleza upya kwa sauti kubwa zaidi, na mimi nikahisi aibu mpaka masikioni.

Claudette akaweka kibao chini. "Mama Christella, kitabu yako iko nzuri," alisema. "Lakini watoto wenye nafundisha, ukiwaambia wachore watu ya nyumbani, watachora nani? Mimi siwezi kuwauliza hii."

Akatoka, na benchi lake lote likamfuata.

Xavérine hakutetea kitabu. Alikaa akiwa na chaki mkononi, akasema kwamba katika mizigo yote aliyotoka nayo Burundi hakufikiria kwamba hata somo la kwanza linaweza kuwa kidonda. Alilia, na hakujificha.

Kesho yake tulipanda naye mpaka kwa Claudette. Alibeba kitabu, mkasi wa kazi, sindano na uzi. Alipokaribishwa kuketi, alivua jalada la kitenge, akakata nyuzi moja baada ya nyingine, akafumua kitabu chote na kutandaza masomo kwenye mkeka. Akamwomba Claudette ayapange mwenyewe, na kama lipo la kutupwa, alitupe.

Claudette aliyatazama muda mrefu. Hakutupa hata moja. Aliomba kwanza yaongezwe maswali na majibu ya ile katekisimu ya zamani, akatueleza sababu ambayo hatukuwahi kumuuliza: mtoto akijibu pamoja na wenzake, hakuna anayemgeukia yeye peke yake kumuuliza habari zake. Ndani ya zile sauti nyingi anapumzika. Xavérine, aliyezoea kumkatiza kila mtu, hakumkatiza.

Kisha Claudette alichukua "Nyumbani Kwetu" akaliweka mwisho kabisa, na somo lililokuwa karibu na mwisho akalileta mbele. Lilihusu mama na baba wa ubatizo, wale wanaosimama na mtoto kanisani na kubaki wazazi wake maisha yote.

"Mtoto apate mtu kwanza," alisema. "Kuchora itakuja nyuma."

Xavérine alikubali, ila akauliza swali la kweli. Zamani waliosimama na watoto walikuwa shangazi, wajomba, majirani. Sasa watatoka wapi watu wa kuwatosha watoto wote hawa?

Claudette alimtazama usoni. "Ninyi si mmekuja wengi?"

Xavérine alikusanya masomo kwa mpangilio ule mpya, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kushona.

Jumapili ya mapokezi kila mtoto alisimama na mtu wake, na waliosimama wengi walitoka kwenye benchi letu, kwa kuwa Xavérine alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na ulimi wake ule ule. Yeye mwenyewe alisimama na msichana mdogo aitwaye Umuhoza, mwanafunzi wa Claudette. Padri alipowafikia, aliuliza kama kawaida ni nani anayesimama kwa ajili ya mtoto huyu. Xavérine alifungua kinywa, sauti ikagoma.

Umuhoza alisubiri kidogo, kisha akamshika mkono, akamwambia padri kwa Kinyarwanda kwamba ni huyu hapa, na ni wake.