Besi ya Nagamine

Nina miaka sabini na miwili, na magoti yangu yana zaidi. Naendesha mkahawa wa kusikiliza jazi hapa Hachinohe, kaskazini mwa Japani, ghorofani juu ya duka la nyavu, tangu mume wangu alipofariki akaniachia sahani elfu tatu za santuri, spika mbili kubwa kama makabati, na wazee wasio na pa kwenda Jumamosi. Sahani nazipenda. Wazee nawavumilia tu, na kati yao hakuna aliyenichosha kama Segawa Kiyotaka.

Segawa alikuwa msoma mita za maji wa manispaa, miaka thelathini na minne. Kazi hiyo huku kwetu si ya kuonea wivu. Kifuniko cha mita kiko ardhini, na majira ya baridi kiko chini ya theluji inayofika kiunoni, kwa hiyo unabeba koleo, unachimba, unainama, unasoma tarakimu, unafukia, unakwenda nyumba ya pili. Mgongo wake ulipinda mapema, na ulimi wake nao, Mungu anisamehe, haukunyooka.

Mimi na yeye tuna undugu wa ndoa. Mkewe, marehemu Sumi, alikuwa binamu yangu. Kwao hapakuzaliwa mtoto wa kiume, basi Kiyotaka alipooa ndiye aliyeingia kwa wakwe na kuchukua jina lao, kama wafanyavyo wengi ili ukoo usizimike. Jina alilozaliwa nalo, Nagamine, likabaki kwenye makaratasi ya zamani. Pale mkahawani wote wanamwita Segawa tu, na jina lile la kuzaliwa hakuna aliyelijua isipokuwa mimi.

Jambo la pili nililolijua mimi peke yangu ni hili. Kabla ya Sumi, kabla ya mita, Kiyotaka alikuwa mpiga besi huko mjini Sendai, ile besi kubwa ya nyuzi, ya kusimama, inayomzidi mtu kimo. Mwaka 1973 mpiga piano mmoja aliyeitwa Hatakeda alikodi ukumbi siku mbili wakarekodi sahani, nakala mia tatu tu. Jioni ya siku ya pili, mbele ya wenzao wote, Hatakeda akamwambia, "Unabaki nyuma. Unatuvuta. Tafuta kazi nyingine." Kiyotaka alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wiki ileile aliiuza besi, na sahani ilipotoka hakwenda kuchukua nakala yake. Sumi aliniambia kwamba katika maisha yao yote hakumsikia hata akivumisha wimbo puani.

Utauliza, sasa mtu huyo anatafuta nini kwenye mkahawa wa jazi? Nilimwuliza. Akasema kwangu kuna jiko zuri la mafuta ya taa la kuotea moto.

Jumamosi saa nane tuna mchezo wetu. Siku nyingine zote, sahani inapopigwa, jalada lake nalisimamisha juu ya kaunta ili kila mtu aone nani anapiga. Jumamosi hapasimami kitu. Mmoja wao analeta sahani imefungwa kwa gazeti, ananikabidhi, mimi tu ndiye ninayelifungua gazeti nyuma ya kaunta. Napiga wimbo mmoja. Hakuna kusema neno. Kila mtu anaandika nyuma ya karatasi ya tangazo la dukani anadhani ni nani anayepiga na anamwonaje, kisha nakusanya, nasoma kwa sauti bila kutaja mwandishi, na mwisho nataja majina yaliyo kwenye jalada. Aliyeuanzisha ni mume wangu. Alikuwa amechoka na watu wanaosikiliza kwa macho, wakiona jina kubwa wanaanza kutikisa kichwa kwa kusifu kabla sindano haijagusa sahani. Na kweli, kwa mchezo huo tumegundua sahani nzuri ambazo hakuna aliyekuwa akizijali.

Segawa hakuwahi kuandika jina hata moja. Aliandika juu ya mpiga besi tu, na maneno yake yalikuwa sumu. "Huyu amevaa viatu vya kuazima." "Huyu ana haraka ya msalani." Siku moja Numakunai, daktari wa meno mstaafu, alileta sahani ya bwana mmoja ambaye dunia nzima inamvulia kofia. Kwenye karatasi ya Segawa nikakuta, "Anabaki nyuma. Atafute kazi nyingine." Nilisoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kanuni. Wenzake wakacheka mpaka wakakohoa. Mimi nilijua maneno yale alipewa na nani.

Basi, Jumamosi moja ya Februari mwaka jana, theluji imeziba mpaka ngazi, akapanda Ogata na kifurushi chake. Huyu ni mtu wa makamo, kazi yake kununua vitu katika nyumba ambazo wenyewe wamekufa. Alininong'oneza kwamba kile kifurushi amekitoa nyumba moja karibu na Sendai, kilikuwa chini ya madhabahu ndogo ya nyumbani ya kuwakumbukia wafu, na kwamba yeye mwenyewe, na ujuaji wake wote, hajapata kusikia sahani hiyo ikitajwa popote.

"Leo nawamaliza, Mama," akasema.

Nikaenda nyuma ya kaunta nikafungua gazeti. Jalada jeupe, halina picha. Juu limeandikwa Hatakeda, na chini, kwa herufi ndogo: besi, Nagamine Kiyotaka.

Nilikaa kwenye kiti cha kumenyea viazi. Kazi zangu zote mle ndani nazijua, kuosha vikombe, kufuta vumbi, kuamua magomvi ya wazee juu ya mwaka gani nani alipiga nini. Hii haikuwa kazi yangu. Kama Segawa angeandika yale maneno yake ya siku zote, angejihukumu mwenyewe kwa mkono wake, mara ya pili, na safari hii mimi ndiye ningeisoma hukumu. Nilifikiria kusema sindano imekufa. Nilifikiria kumwita pembeni. Halafu nikafikiria miaka ishirini ya kusoma karatasi zake zenye uchungu kila Jumamosi, nikaona nimechoka, nimechoka kweli, na liwalo na liwe. Nikapiga moyo konde, nikaiweka.

Nilichagua wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Ni wimbo wa taratibu ambao kila mpiga jazi ameupiga, hauna mwenyewe. Piano ilisema kidogo ikanyamaza. Besi ikaingia peke yake, na ngoma ikisuguliwa kwa brashi nyuma yake. Mimi si mtaalamu. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mtu hakuwa na haraka. Kila noti aliishika mpaka ukadhani ameisahau, kisha anaiachia pale ambapo wewe mwenyewe ungetaka iangukie. Numakunai aliacha kuandika. Ogata alikuwa akiwatazama wenzake kama mpishi anavyotazama wageni. Segawa alikuwa ameinamisha kichwa, na kidole chake kimoja kilikuwa kikisogea juu ya goti.

Najua unachotaka kusema, mtu atakosaje kujijua? Wewe ulipata kusikia sauti yako ikitoka kwenye mashine? Uliikana, sivyo? Na huyu hakuwahi kuisikia hata siku moja. Alichokuwa nacho kichwani miaka yote ile ni yale maneno ya Hatakeda tu.

Nikakusanya karatasi. Numakunai alikuwa ametaja Mmarekani fulani. Mwingine naye alitaja Mmarekani, lakini si yuleyule. Kisha nikafika kwenye ule mwandiko wa kalamu ya risasi uliobanana, mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza tarakimu kwenye vijisanduku. Nikausoma kimoyomoyo kwanza, jambo ambalo kanuni hairuhusu.

"Piano ni ya mtu anayejipenda. Mpiga besi simjui. Anajua kusubiri. Sijapata kusikia besi ya namna hii. Huyu asije akaacha."

Nilisoma kwa sauti. Hapakucheka mtu. Walijua ni karatasi ya nani, na Numakunai akasema kwa upole, "Hee. Mzee leo kasifu." Segawa akamwambia anywe kahawa yake isije ikapoa.

Sasa ikabaki kutaja majina. Nikataja Hatakeda, nikaona mabega ya Segawa yamekaza. Nikataja mpiga ngoma. Nikataja mwaka na mji. Halafu nikasema, na nilisema nikitazama jalada maana sikuweza kumtazama yeye, "Besi, Nagamine Kiyotaka."

Wale wengine hawakujua kitu. Wakaanza kelele zao. Nagamine gani? Wa wapi? Mbona hatujamsikia? Ogata akaeleza kwa majivuno kwamba ametafuta kila orodha, jina hilo liko kwenye sahani hii moja tu, kabla hakuna na baada hakuna, lazima bwana huyo alikufa kijana. Numakunai alisema ni hasara kubwa, mtu kama yule angekuwa na sahani ishirini leo. Akapendekeza waandike barua kwenye gazeti la jazi, wamtafute hata ndugu zake.

"Mwacheni," Segawa alisema.

"Kwa nini? Wewe mwenyewe umesema..."

"Nimesema mwacheni. Labda alikuwa na kazi nyingine."

Walidhani amerudia ukorofi wake, wakamzomea kidogo, wakaendelea kubishana hadi saa kumi. Yeye alikaa na uso wake kuelekea jiko, na kahawa yake ikafanya utando wa maziwa juu. Walipoondoka mmoja mmoja, Ogata wa mwisho na sahani yake ndani ya gazeti kwapani, Segawa alibaki. Akaleta kikombe chake kwenye kaunta kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulijua," akasema.

Nikamwambia nilijua tangu nilipofungua gazeti. Na kwa kuwa nilikuwa nimefurahi, ndiyo, nilikuwa nimefurahi kwa ajili yake kama mpumbavu, nikaongeza kwamba sasa ushahidi ameutoa yeye mwenyewe, tena bila kupendelewa. Hatakeda alisema uongo. Yeye Kiyotaka alikuwa hodari, na watu watano wenye masikio wamekiri.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Uso wake ulikuwa umelegea, umechoka, nikauona uzee wake wote kwa mara moja.

"Mitsuyo," akasema, na jina langu hilo hakuwa amelitaja tangu mazishi ya Sumi. "Kila nilipokuwa nachimba theluji kutafuta kifuniko, nilikuwa najiambia, si neno, hukuwa na kipaji, hukupoteza kitu. Kila nyumba. Miaka thelathini na minne. Maneno hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa. Sasa nitajiambia nini?"

Nilimwuliza kama anataka nimwombee ile sahani kwa Ogata, akatikisa kichwa kukataa. Akavaa koti, akashuka ngazi moja moja akiwa ameshika ukuta, na mimi nikasimama juu nimeshika kikombe chake mpaka niliposikia mlango wa chini umefungwa.