Rangi Isiyo na Chama

Mtu akinichekea sana asubuhi, mimi hushika kwanza mfuko wangu. Ndivyo nilivyoumbwa, na sioni haya kulisema. Kwa hiyo hadi leo namtazama Tu Hsiu-chin kwa jicho la pembeni, ingawa milango yetu inatazamana ghorofa ya tano, na supu ya samaki ya mama yake nimeinywa miaka na miaka.

Hsiu-chin hutengeneza slaidi. Hapa mtaani kwetu Sanchong mtu haolewi wala hazikwi bila slaidi. Za harusi huzipa rangi ya waridi, bwana harusi akionekana mtoto uchi ndani ya beseni, na wageni wote hucheka. Za misiba huzipa zambarau hafifu, mawingu kwa mbali na ua la yungiyungi pembeni, marehemu katikati akitabasamu. Kabla ya kugusa kompyuta huuliza nani atakaa mbele, nani kamnunia nani. Husema rangi ya nyuma huongea kabla ya mtu kufungua mdomo. Kumbukeni kwamba ni yeye aliyesema hivyo.

Mama yake, Bibi Lien, ana magoti mabovu. Jengo letu halina lifti, na tangu sikukuu ya mwaka mpya ya mwaka juzi hajakanyaga chini. Vitu vya sokoni huvivuta kwa ndoo na kamba kupitia dirishani. Hakulilia mambo makubwa. Alitaka kwenda sokoni kuchagua samaki mwenyewe, amfunue mashavu aone kama bado ni mekundu, maana alishuku kwamba muuzaji anamwekea wa jana. Nami namuunga mkono, muuzaji yule namjua.

Serikali ya jiji ilikuwa tayari kusaidia kujenga lifti nje ya ukuta, mradi kila nyumba ikubali. Wote tulikubali isipokuwa Mzee Ke wa chini, mwenye duka la skrubu. Yeye hapandi, lifti ya nini? Tena aliamini mjenzi keshampa mtu kitu kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hsiu-chin akaomba kikao kimoja tu aonyeshe slaidi, na Mzee Ke akatoa duka lake mwenyewe, ili, kwa maneno yake, njama zipangwe mbele ya macho yake.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na kwetu kila chama kina rangi yake; hapo ndipo balaa la rangi lilipoanzia. Hsiu-chin alituma slaidi ya kwanza kwenye kundi letu la simu, ikiwa na kijani cha majani, kwa sababu kijani hupumzisha macho. Mzee Ke akauliza amejiunga lini na wale. Hsiu-chin akaibadili iwe bluu, wa ghorofa ya pili wakauliza wale wengine wamempa nini. Nyeupe nayo ina wenyewe, ya machungwa ina wenyewe, na ya njano vilevile. Nyekundu, ya wale majirani wa ng'ambo ya bahari, ndiyo kabisa, hakuna aliyetaka hata kuijadili. Nilimwambia aache ukuta mtupu, bila slaidi. Akacheka, akasema ataipata tu rangi isiyo na chama.

Siku ya kikao tulitundika shuka jeupe mbele ya rafu za skrubu. Taa ikazimwa, projekta ikawaka. Zambarau hafifu. Mawingu. Katikati, Bibi Lien dirishani mwake, anatabasamu, na chini yake jina lake kamili na mwaka aliozaliwa.

Mzee Ke akavua kofia, akasimama, akainama mara tatu, kama tunavyowaaga wafu. Sote tukainama. Mimi niliyemsikia Bibi Lien akikohoa asubuhi ileile nami niliinama, nikajiambia labda imetokea sasa hivi.

Mzee Ke alikuwa analia, na hakujificha. Alisema mke wake alipougua, Bibi Lien ndiye aliyeshuka na uji kila asubuhi, kwa miguu ileile, na yeye kamlipa kwa kumfungia juu. Akapangusa pua.

"Ijengeni," akasema. "Nakubali. Yeye imeshamchelewea, lakini ijengeni."

Hsiu-chin akakohoa kidogo. "Mzee, mama yuko juu. Anapika."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. "Umeniinamisha kwa mtu aliye hai? Misiba ndiyo riziki yako, mwanangu, leo utaniambia hiyo rangi huijui?"

"Kila rangi mlisema ina chama. Hii haina."

"Inacho. Chama cha wafu."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Hsiu-chin akapiga simu na kuweka sauti kubwa, na Bibi Lien akauliza chumvi imewekwa wapi. Mzee Ke akasema hiyo sauti imerekodiwa, mtu wa kompyuta hashindwi na kitu. Hakubali lolote mpaka aone kwa macho yake. Akaanza kupanda ngazi, nami nyuma yake, maana nilimshuku na yeye: angeweza kurudi akasema hakumwona.

Ghorofa ya pili alishika ukingo. Ya tatu akasimama akijifanya anasoma mita za umeme. Ya nne aliketi juu ya kabati la viatu la watu lililo nje ya mlango wao, midomo imepauka, na nilipompa mkono aliukataa. Tulipofika juu hakuwa na pumzi hata ya kubisha hodi, nikabisha mimi.

Bibi Lien akafungua, mwiko mkononi.

"Ke," akasema, "umezeeka."

Akamkalisha, akampa maji ya uvuguvugu. Mzee Ke alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaona yale magoti yaliyofungwa vitambaa. Kisha akageuka kuzitazama ngazi alizozipanda, giza lote lile kwenda chini, na magoti yake mwenyewe yalikuwa yanatetemeka.

"Sasa mimi nitashukaje?" akauliza.

"Ukipata njia," akasema Bibi Lien, "niambie na mimi."

Mzee Ke aliinua ile glasi. Alikunywa maji yote taratibu, akaiweka glasi chini. Hsiu-chin alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni nyuma yangu. Nilimgeukia nione kama anatabasamu. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikuuona uso wake.

"Hiyo lifti," Mzee Ke akasema hatimaye, bado amenuna, "mtaipaka rangi gani?"

"Yoyote," akasema Bibi Lien. "Mradi inashuka."