Nguzo Tatu za Nawoi

Ukiambiwa uthibitishe kwamba mti ambao ulizaliwa chini yake ni wako, wewe utabeba nini mkononi?

Nawoi hakuwa na karatasi. Alikuwa na jina tu, alilopewa kwa sababu mama yake alimzaa chini ya mgunga mmoja kando ya mto Turkwel, hapa Lodwar, mti ambao Waturkana huuita ewoi. Mti huo ulikuwa ekwar ya ukoo wao: maganda yake yakianguka kiangazi, ni mbuzi wao tu wanaoyala, na hakuna jirani aliyewahi kubisha. Mwaka huo wa 1996 mvua ilikataa kabisa. Mbuzi kumi na mmoja ndio waliobaki, na wote waliishi kwa maganda hayo.

Ndipo lori la waya likaja kutoka Kakuma. Mradi wa bustani ya mboga ulitaka kubadilisha fensi yake ya zamani. Fensi gani? Haikuonekana tena. Marehemu mume wa Nawoi ndiye aliyeichimbia mashimo, hatua sita kabla ya kuufikia mti, mti ukabaki nje. Baadaye mradi ukapanda mathenge, kichaka cha miiba, kando yake, nayo mathenge haijui kutulia: ilitambaa, ikameza fensi, ikaumeza na mti. Wapimaji wakafuata ukingo wa kichaka. Ewoi ikawa ndani ya bustani.

"Mama, mimi sikatai," Reuben, karani wa mradi, alimwambia alipokwenda ofisini kulalamika. "Lakini leta ushahidi."

Leta! Wazee wa ekwar wangeinuka, wakatembea, wakatazama kwa macho yao. Ofisi haitembei, hukaa kitini ikingoja kuletewa. Basi kesho yake Nawoi akachukua panga, akaingia miibani, akatambaa kwa tumbo.

"Ejoka, Mama!" Adome, kibarua wa waya, alimsalimu kwa utani kutoka nje. "Umeficha bwana humo?"

"Ndiyo, na ni mzuri kuliko wewe," alijibu, viganja vikimtoka damu. "Huyu angalau amesimama."

Alasiri alizipata: nguzo tatu, pale pale mumewe alipozisimamisha, misumari ingali ndani. Alilia kwa furaha. Kisha akazing'oa, moja baada ya nyingine, akazibeba kichwani hadi kwa karani.

Reuben aliigusa misumari. "Zilikuwa wapi?"

"Pale, kwenye fensi!"

"Pale wapi, Mama? Sasa ziko hapa."

Nawoi aliziacha zilipo, akarudi mbio. Mchanga wa mto ulikuwa umeporomoka na kufukia mashimo yote. Alifukua kwa kucha, akiita jina la mumewe. Hakuona alama yoyote.

Asubuhi iliyofuata alikuta waya imeshavutwa. Mbuzi wake walisimama nje, pua kwenye waya, wakitazama maganda yakidondoka upande wa pili. Chini ya ewoi vibarua walikuwa wakichemsha chai. Moto wao ulikuwa wa zile nguzo tatu alizoziacha ofisini.

Adome alipomwona hakutania. Aliinuka, akaivuta nguzo moja motoni, msumari wake mwekundu, akaizima kwa chai yake mwenyewe.