Kadi Iliyokatwa Pamoja na Mfuko

Jirani yangu ni fundi cherehani. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mwembamba, kiasi kwamba cherehani yake ikinyamaza ghafla najua kuna jambo. Ana watoto wanne. Alipojifungua wa mwisho damu haikukatika, akalazwa majuma matatu, na daktari akamwambia kwamba akipata mimba nyingine huenda wasimwahi kumwokoa. Mimi ndiye niliyembebea mtoto siku ya kutoka wodini. Alitembea akishika ukuta wa korido kama mtoto anayejifunza kusimama.

Tangu hapo anachoma sindano ya uzazi wa mpango kila miezi mitatu, na mumewe hajui. Si mtu wa kupiga, mumewe, ila alikwisha kusema kwamba sindano hizo ni za wanawake wenye la kuficha, na kwamba akijua mkewe anachoma atamrudisha kwao. Mama mkwe anaishi nao, na macho yake hayana likizo. Ndiyo maana kadi ya kliniki hukaa katikati ya karatasi za kukatia kola na mifuko, mahali ambapo hakuna mwingine anayetia mkono.

Siku moja nilikuwa kwake na mwanangu mdogo, nikingoja gauni langu lipunguzwe kiuno. Aliitoa kadi nimsomee tarehe, maana mwandiko wa kliniki ni kama kuku kapita. Nikamwambia ni kesho. Hapo hapo mama mkwe akapiga hodi akiwa keshaingia. Fundi akaisukuma kadi ndani ya kitambaa kilichokunjwa, akaweka karatasi ya mfuko juu, akashika mkasi na kuanza kukata ili aonekane yuko kazini.

Mkasi ukawa mzito. Niliusikia, kitambaa hakilii vile. Naye aliusikia, lakini angesimamaje?

"Mkasi wako umekuwa butu kama meno yangu," mama mkwe akasema.

Fundi akacheka, jasho limemjaa juu ya mdomo. Kipande cha kadi chenye jina lake kikadondoka karibu na kandambili za mama yule. Sikuwaza. Nikamkalisha mwanangu juu ya kipande hicho. Mama mkwe akaniuliza akili yangu iko wapi, namweka mtoto sakafuni penye pini. Nikamjibu kwamba anapenda ubaridi.

Alipoondoka nikamwinua mtoto. Jina la fundi lilikuwa mdomoni mwake, limetafunwa likawa uji.

Kesho yake tukaenda kliniki pamoja. Muuguzi alikuwa mgeni kwetu. Akaigeuza ile kadi yenye umbo la mfuko, akauliza ya nani, isiyo na jina. Kisha akasema aje na mumewe, waandikishwe upya. Fundi akaanza kufunga mkoba wake taratibu. Nilimwona akishika ukuta kuinuka.

Nyuma ya muuguzi kulikuwa na tangazo, nusu limefunikwa na kalenda. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Nikaisogeza kalenda, nikasoma kwa sauti: mwanamke mtu mzima huamua mwenyewe kuhusu uzazi wake, haombwi idhini ya mume wala ndugu, na siri yake hulindwa.

"Tangazo hilo nimelibandika mimi," muuguzi akasema. "Lakini waume wakija hapa kufoka, wanaofokewa si nyinyi."

Nikaona kumbe naye anaogopa. Akavuta daftari, akatafuta tarehe za nyuma mpaka akalipata jina, akafunga mlango, akamchoma, akamwandikia kadi mpya.

Njiani fundi aliniuliza, "Mdogo wangu, hii mpya nikaiweke wapi tena?"

Nikaichukua. Sasa imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya mwanangu, kwenye mfuko wa plastiki, chini ya godoro langu.

Juzi mama mkwe alikuja kwangu, akambeba mwanangu, akasema amenenepa, nimwonyeshe kadi aone uzito wake. Nikamwambia imelowa maji, nimeianika. Akatazama kamba ya nguo dirishani, isiyo na kitu.

"Basi ikikauka, mwanangu," akasema. "Nitapita tena."

Ng'ambo ya ukuta, cherehani ilikuwa imenyamaza.